Mkono wa Kushoto wa Randy Weston

Albamu ya Uhuru Afrika inafunguliwa na ngoma, kisha sauti ya mwanamume anayesoma kwa Kiswahili. Ilirekodiwa New York mnamo Novemba 1960. Msomaji ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, maneno ni ya Langston Hughes, mshairi mashuhuri wa Wamarekani Weusi, na aliyeipanga kazi yote ni Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, mtu wa miaka 34 na kimo cha zaidi ya futi sita na nusu. Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Bendera yake ingepanda mwaka mmoja baadaye, Desemba 1961. Hapa Kenya hali ya hatari ilikuwa imeondolewa Januari ya mwaka ule ule, na Jomo Kenyatta alikuwa angali amezuiliwa Lodwar. Uhuru wenyewe tulikuwa hatujaupata, na tayari ng'ambo ya bahari kulikuwa na mtu aliyeukusanyia bendi nzima na kuutangaza kwa lugha yetu.

Weston alisimulia baadaye jinsi alivyokwenda Umoja wa Mataifa kuwauliza wanadiplomasia wa Afrika ni lugha ipi ingefaa kubeba kazi ya namna hiyo. Walimwambia Kiswahili. Akalishika jibu hilo akalifanyia kazi. Hakuijua lugha yenyewe, wala hakuwa amekanyaga Afrika. Safari yake ya kwanza, ya kwenda Lagos, ilikuja mwaka uliofuata. Lakini alikuwa na hakika kwamba muziki unaotangaza uhuru wa bara hauwezi kufunguliwa kwa lugha ya wanaolitawala.

Hata leo nikiisikia sauti ile ya Sanga mwili unanisisimka. Na huwa nashangaa ni wangapi kati yetu, wasemaji wa Kiswahili, waliowahi kusikia kwamba kitu hiki kipo. Shuleni tulifundishwa kwamba lugha yetu ilitumika kwenye biashara, kwenye ushairi wa pwani, kwenye siasa za ukombozi. Sikumbuki mwalimu yeyote aliyetwambia kwamba mwaka 1960 ilipewa kiti cha mbele katika jazi, mbele ya Max Roach, Yusef Lateef, Clark Terry, Freddie Hubbard na Babatunde Olatunji, wapigaji ambao kila mmoja wao ni jina kubwa.

Ninaisikiliza nikiwa Kitengela, na mahali hapa panaisaidia rekodi ieleweke. Huu ni mji ambao karibu kila mtu mzima ameufikia kutoka kwingine. Tangu viwanda vya EPZ, vya bidhaa za kuuza nje, vifunguliwe Athi River miaka ya 1990, kituo kidogo cha Noonkopir kando ya barabara ya Namanga kimefura hadi sensa ya 2019 ikahesabu watu zaidi ya 150,000. Nyika iliyokuwa malisho imepimwa ploti za futi hamsini kwa mia. Mtoto aliyezaliwa hapa, akasoma hapa, akabatizwa hapa, akiulizwa kwenu ni wapi, hajibu Kitengela. Hujibu Kitui, Murang'a, Siaya, mahali ambapo pengine amelala siku chache za Desemba, kwa sababu ndiko babu alikozikwa. Na Mmaasai ambaye babu yake alichunga papa hapa ana swali lake jingine kabisa: ng'ombe watapita wapi, ikiwa kila ploti ina ua wa mabati? Ranchi za vikundi ziligawanywa, hati zikauzwa, na njia za nyumbu na pundamilia waliokuwa wakitoka mbuga ya Nairobi kushuka kusini zikazidi kubanwa.

Ni mji wa watu wanaoulizana asili kila siku, ndiyo maana jibu ambalo Weston alipewa na baba yake limenikaa moyoni. Frank Edward Weston alizaliwa Panama, akakulia Jamaica, akawa mfuasi wa Marcus Garvey na mwenye mgahawa Brooklyn. Mama, Vivian, alitoka Virginia. Mtoto wao alizaliwa tarehe 6 Aprili 1926. Ukutani mwa nyumba baba alitundika ramani za Afrika na picha za wafalme wake, na akamwambia mwanawe mapema: wewe ni Mwafrika uliyezaliwa Marekani. Hakumwambia ana asili ya Afrika, au damu ya Afrika. Alimwambia yeye ni Mwafrika, na kuzaliwa kwake kule ni habari ya mahali tu.

Kauli kama hiyo ni rahisi kuitamka na ngumu kuiishi. Wengi huitundika ukutani pamoja na zile picha, basi. Weston aliifanyia kazi kwa vidole vyake kwa muda wa zaidi ya miaka sitini, na hapo ndipo maisha yake yanaponivuta: alielewa kwamba kuwa wa mahali ni kazi ya kila siku, ina mazoezi yake, ina walimu wake, na mtu anaweza kushindwa nayo.

Mwanzoni nusura ashindwe hata na piano yenyewe. Baba ndiye aliyetaka ajifunze. Kijana alitaka kucheza nje na wenzake, na urefu wake ulimvuta kwenye mpira wa kikapu. Mwalimu wake wa kwanza alikata tamaa kabisa. Baba hakukata. Baadaye vita vikamchukua hadi Okinawa akiwa mwanajeshi, akarudi Brooklyn kuendesha mgahawa wa familia, mahali ambapo wanamuziki wa mtaa walikuja kula na kubishana hadi alfajiri. Max Roach alikuwa jirani. Wynton Kelly alikuwa ndugu wa ukoo.

Kisha akamsikia mpiga piano Thelonious Monk. Alikwenda nyumbani kwake akiwa na maswali tele, na Monk, kwa desturi yake, karibu hakujibu neno. Weston aliporudi mara nyingine Monk akakaa kwenye piano akapiga saa nyingi. Ndiyo yaliyokuwa majibu. Sisi tuliokulia kwenye mafunzo ya kukaa na mzee tunalitambua jambo hili bila kuelezwa: kuna mwalimu anayekupima kwanza kwa kukaa kimya.

Kwa Monk alipata ujasiri wa kuacha nafasi kati ya sauti moja na nyingine. Kwa Duke Ellington alipata uzito. Na mikono yake mikubwa ikamwezesha kufanya jambo ambalo mimi hulisikia kabla ya jingine lolote katika rekodi zake: mkono wa kushoto unashuka chini kabisa, kwenye sauti nzito ambazo wapiga piano wengi hupita tu, na unakaa huko. Unarudia. Unarudia tena, mpaka mkono wa kulia unalazimika kuzungumza kwa masharti ya ule wa kushoto. Ukisikiliza Hi-Fly, wimbo wake uliopigwa na wengine wengi, ambao aliutunga akiwazia jinsi dunia inavyoonekana kutoka kwenye kimo chake, utapata furaha nyepesi. Ukimsikiliza akiwa peke yake na piano, hasa uzeeni, utapata ardhi.

Siwezi kuzungumzia Uhuru Afrika bila kusimama kwa Melba Liston, na nitasimama kidogo, kwa sababu kila mara anaachwa mstari wa chini. Liston alipiga tromboni katika zama ambazo wanaume wa bendi hawakutarajia kumwona mwanamke akiishika. Alizaliwa mwaka ule ule wa 1926. Weston alitunga nyimbo. Liston ndiye aliyeziandikia kila ala sehemu yake, akaamua tarumbeta zingie wapi na filimbi zinyamaze wapi. Bendi kubwa kama ile, yenye wapigaji wa ngoma kutoka Nigeria na Cuba na Marekani, ingeweza kuwa kelele tupu. Haikuwa, na sababu ni yeye. Walifanya kazi pamoja kwa miongo. Mwaka 1985 alipata kiharusi, hakuweza tena kupiga tromboni, akaendelea kuandika muziki kwa msaada wa kompyuta. Uandishi wa albamu ya The Spirits of Our Ancestors ya mwaka 1991 ni kazi ya mkono wake baada ya ugonjwa ule. Mwenye kuisikiliza na aijue habari hiyo.

Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Uhuru Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1964. Hiyo ni sifa. Lakini kuna simulizi nyingine ya miaka ile inayonishughulisha zaidi, kwa sababu ilitokea kwetu. Juni 1962 Langston Hughes alifika Makerere, Kampala, kwenye mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Walikuwapo Chinua Achebe na Wole Soyinka. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi pale pale. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mwandishi mkuu wa Kiswahili, hakuwa na nafasi katika mkutano wa namna hiyo, na Ngũgĩ amelikumbusha jambo hilo mara nyingi. Mwezi ule ule wa Juni Shaaban Robert alifariki. Basi fikiria: mshairi wa Marekani ambaye maneno yake yalikuwa yamesomwa kwa Kiswahili studioni New York anakuja Afrika Mashariki, na anakuta mlango wa ukumbi wa fasihi haukifungukii Kiswahili. Wanadiplomasia waliomjibu Weston kwenye Umoja wa Mataifa walikuwa na imani na lugha hii kuliko waliopanga mkutano huo katika eneo lile lile ilikozaliwa.

Sisemi kwamba Weston aliitendea Afrika Mashariki haki yote. Mwenye sikio la pwani ataona upungufu haraka. Kiswahili kimefika kwenye albamu ile bila muziki wake. Hakuna ganuni wala udi, ala za taarab, hakuna dalili ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, hakuna mwendo wa dansi uliokuwa ukijaza kumbi za Dar es Salaam na Mombasa wakati ule ule. Ngoma ni za magharibi mwa Afrika na za Cuba, na juu yake imewekwa sauti ya mashariki. Afrika ya Weston mwaka 1960 ilikuwa bado Afrika ya ramani za baba, bara moja lisilo na mipaka ndani yake, zuri na la mbali.

Na sisi? Sisi tulikuwa tunafanya lile lile kwa upande wetu. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, Shirati Jazz, na ng'ambo ya maziwa African Jazz ya Kabasele na O.K. Jazz ya Franco: jina la jazi lilienea kwenye mabango yetu, lakini piano ilikuwa nadra jukwaani. Gitaa lilipanda basi pamoja na mwenyewe. Piano haipandi basi. Inataka fundi wa kuirekebisha nyuzi, inataka nyumba isiyovuja, inataka watu wanne wa kuibeba, na katika nchi ya kikoloni zilikaa makanisani, shule za misheni, hotelini na sebuleni kwa wazungu. Mwishoni mwa mwaka ule wa 1960 Louis Armstrong alizunguka Afrika na kupita Kenya, umati ukamshangilia, akaondoka. Tuliipokea jazi bila piano yake, kama vile Weston alivyokipokea Kiswahili bila ngoma zake. Kila upande ulimkumbatia mwenzake kwa mkono mmoja.

Tofauti ni kwamba Weston hakutosheka na nusu. Mwaka 1963 alirekodi nyimbo za mtindo wa highlife baada ya kurudi Nigeria. Mwaka 1967 alizunguka nchi 14 za Afrika magharibi na kaskazini kwa gharama ya serikali ya Marekani, na Morocco ikamshika. Alihamia huko, akaishi miaka kadhaa, akafungua klabu mjini Tangier akaiita African Rhythms. Ramani ya ukutani ikawa mji wenye majirani, wenye bili za umeme, wenye tamasha lililokula fedha zake zote mwaka 1972 na kumrudisha Marekani mifuko mitupu. Nadhani hapo ndipo Afrika yake ilipoacha kuwa ndoto.

Tangier alikutana na Wagnawa. Hawa ni wazao wa watu weusi waliovushwa jangwa la Sahara, wengi wao kama watumwa, na muziki wao ni wa usiku kucha, wa tiba na wa kuita mizimu, unaobebwa na ala ya nyuzi tatu yenye sauti nzito ya besi, gimbri. Weston aliposikia besi ile aliona imefanana na kile alichokuwa akikitafuta kwa mkono wa kushoto tangu ujana. Mtu mwingine angeichota siku hiyo hiyo akaenda nayo studioni. Yeye alikaa. Aliwatembelea walimu wao, akina Abdellah El Gourd, akasikiliza miaka na miaka, akawapeleka kupiga naye kwenye majukwaa ya dunia kwa majina yao. Na mwaka 1992, alipopata nafasi ya kurekodi albamu nzima na mabwana wa Gnawa kule Marrakech, alifanya jambo ambalo sijaona wengi wakilifanya: karibu albamu yote alinyamaza. Aliwaacha wapige wenyewe, na piano yake ikaingia kwa muda mfupi tu.

Mtu mwenye jina kubwa, analipiwa studio, amezungukwa na muziki ambao amekuwa akiupenda kwa robo karne, na mkono ule wa kushoto umelala pajani. Ukitaka kujua Weston alikuwa nani, mimi ningekuonyesha rekodi ile hata kabla ya Uhuru Afrika. Ile ya 1960 inasema mimi ni wenu. Ya 1992 inauliza, kwa kukaa kimya, kama wenyeji wanakubali.

Aliendelea kupiga hadi mwisho. Mwaka 2001 Marekani ilimtuza cheo cha juu kabisa inachowapa wanamuziki wa jazi, 2010 akatoa kitabu cha maisha yake, 2017 akatoa African Nubian Suite, na tarehe 1 Septemba 2018 akafariki Brooklyn akiwa na miaka 92.

Ninayaandika haya nikiwawazia vijana wa vinanda. Jumapili tembea Kitengela kutoka Noonkopir hadi Yukos, utawasikia kila upande, katika makanisa ya mawe na ya mabati. Wengi hawakufundishwa na mtu. Wamejifunza kwa sikio, wakiangalia vidole vya aliyewatangulia, na wanapiga ibada mbili au tatu kwa siku, kisha harusi, kisha ruracio, sherehe ya mahari, kinanda kikiwa begani juu ya bodaboda. Piano ambayo haikuweza kupanda basi la Morogoro Jazz sasa imepata miguu. Kati yao wapo ambao hupiga kila wimbo katika ufunguo mmoja na kuiachia mashine kazi ya kupandisha na kushusha sauti. Wapo pia ambao wakibaki peke yao baada ya ibada, viti vikipangwa, hupiga vitu ambavyo kanisa halijawahi kuvisikia. Nimekaa nyuma nikawasikiliza hao. Wamejaa jazi, ya Marekani zaidi, wameipata kwenye simu zao. Wanamjua Aaron Rimbui, mpiga piano wa Nairobi aliyehamia New York, na wanamtaja kama ushahidi kwamba njia ipo. Wanazijua pia tamasha za jazi zilizoanza Nairobi mwaka 2014, ambazo mapato yake yamesaidia kuwafundisha muziki watoto wa Korogocho. Jina la Weston wengi hawajalisikia.

Ningependa wamsikie, na si kwa ajili ya Kiswahili chake pekee. Hapa wanapoishi pana muziki wa zamani kuliko mji, na haukai mbali. Waimbaji wa Kimaasai hawana ngoma. Wana koo. Olaranyani, kiongozi wa wimbo, anapanda na mstari wake, na chini yake wanaume wanashika mngurumo wa pamoja, mzito, wa kurudiarudia, unaopanda na kushuka kwa pumzi. Besi ile imekaa pale pale ambapo mkono wa kushoto wa Weston ulikaa. Nimesikia mpiga kinanda mmoja kijana, mzaliwa wa Kitengela ambaye kwao ni mbali, akiijaribu kwa sauti za chini, taratibu, akikosea na kurudi. Hakuwa ameambiwa na mtu afanye hivyo.

Najua hatari iliyopo. Sura ya Mmaasai imetumika kuuza bia, hoteli na mablanketi bila wenyewe kuulizwa, na baada ya ardhi kwenda, sauti nayo ikichotwa hivi hivi itakuwa dhuluma ya pili. Ndiyo maana nataka vijana hawa waanze na ile rekodi ya Marrakech. Waisikilize yote, wahesabu ni wapi piano imenyamaza. Kisha Jumamosi isiyo na harusi wapande matatu ya kwenda Isinya au Kajiado, waache kinanda nyumbani, wamtafute olaranyani mwenye subira na wageni, wabebe nauli yake na kitu cha kumpa, na wakae watakapoelekezwa kukaa.